Nani hulipia hifadhi ya mbwa wa mitaani? Mfano wa Uturuki

Umeuliza jiji hupata wapi pesa za kuwahifadhi mbwa wasio na mwenyewe. Tazama Uturuki. Sheria ya 2004 ilitaka mbwa akamatwe, afungwe kizazi, achanjwe, kisha arudishwe mtaani alikotoka. Marekebisho ya 2024 yaliiondoa hatua hiyo ya mwisho: sasa abaki bandani mpaka apate wa kumchukua. Mzigo ni wa manispaa. Majiji makubwa hutenga asilimia 0.3 ya mapato ya bajeti, manispaa nyingine 0.5, na mabanda yawe tayari ifikapo mwisho wa 2028. Meya anayekaidi anaweza kufungwa miezi 6 hadi miaka 2.

Lakini kujenga ndiyo kazi nyepesi. Chakula, daktari wa mifugo na wafagiaji hulipwa mwaka mzima, na banda likifurika, parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, huua watoto wa mbwa kwa siku chache. Virusi vyake hudumu miezi kwenye nyufa za saruji, sabuni haiviui. Ondoa kinyesi kwanza, osha, ndipo umwage klorini, la sivyo uchafu huimaliza nguvu. Na mbwa mgeni achanjwe siku ileile anapoingia, akae peke yake wiki 2.