Anza na mwezi: kwa mwenyekiti mpya wa kamati ya resi za mitumbwi

Ukishachaguliwa tu, watu watakuuliza barazani zawadi mwaka huu ni nini. Swali hilo liweke kando, hesabu mwezi kwanza. Pemba, kama Unguja, bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Pwani zetu nyingi ni tambarare. Ukikosea kwa saa mbili tu, mitumbwi italala juu ya mchanga na wageni wamekaa wanatazama.

Mwezi 15, yaani siku ya 15 tangu mwezi kuandama, maji hujaa kiasi cha saa 10 jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo mwezi 16 hujaa karibu na saa 11 kasorobo. Hiyo ndiyo siku yako: watu wameshasali Alasiri, mnaanzisha saa 10 na robo maji yakimalizia kujaa, mkondo umepungua nguvu, na kabla ya adhana ya Magharibi vyombo vyote vimepandishwa. Mkipanga siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, kujaa kwenyewe kutakuwa asubuhi, na jioni mnayoitaka maji yapo chini.

Utasikia hoja kwamba bamvua la mwezi mwandamo lina maji yale yale. Kweli, lakini usiku wake ni kiza, na kiza ndiyo kazi ya dagaa. Wapiga makafi wako watakuja hawajalala. Mwezi mpevu wavuvi wa dagaa wanapumzika, nyavu zinashonwa, vijana wako mtaani. Uliza pia mapema nani yuko dago, kambi ya uvuvi. Wakojani, watu wa kisiwa cha Kojani, na wenzao huenda kambi za mbali kwa wiki nyingi, na diko, yaani bandari ya wavuvi, lililoandikisha vyombo vitano linaweza kuleta viwili. Kuhusu majira, mtumbwi wa makafi unapenda maleleji, majira ya upepo mdogo kati ya kaskazi na kusi, na ya Oktoba na Novemba yanafaa kuliko ya Machi na Aprili, ambayo masika huyakatiza.

Baada ya siku, njia. Itembee kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, wewe, katibu na akina mama wa mwani. Hapa ndipo kamati nyingi hujiharibia jina. Maji yakijaa shamba la mwani halionekani, lakini vijiti na kamba viko pale pale, na makafi ya mitumbwi minane yakipita juu yake mwani hukatika na kuchukuliwa na maji. Ni kazi ya wiki kadhaa ya mtu. Onyesheni mipaka kwa vitambaa vyekundu juu ya vijiti virefu, na mama mmoja wa mwani awe mjumbe kamili wa kamati, mwenye kura. Wenye madema, mitego ya samaki, nao waambiwe siku tatu kabla.

Vibali si vigumu mkivianza mwezi mmoja nyuma: sheha (kiongozi wa shehia), ofisi ya michezo ya wilaya, kamati ya uvuvi ya shehia, polisi na Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM). Upande wa magharibi wa Pemba, ulizeni pia watu wa hifadhi ya bahari kama njia yenu inagusa eneo lililofungwa. Na kama chama hakijaandikishwa, kiandikisheni, maana Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar haliwezi kukisaidia chama ambacho kwake hakipo.

Kanuni ziandikwe ukurasa mmoja, zisomwe kwa sauti kwenye kila diko, manahodha watie saini. Andika kafi au kasia, usiandike vyote viwili kama kitu kimoja. Kafi hushikwa kwa mikono mitupu. Kasia hukaa kwenye kishwara, kitanzi cha kamba ubavuni, na hupata nguvu ya ubavu wa chombo. Kanuni ikisema "makasia" tu, chombo kimoja kitakuja na vishwara, vingine vina makafi, na ugomvi umeshazaliwa kabla ya filimbi. Ngalawa zisichanganywe na mitumbwi mitupu: matengo, mbao za pembeni za ngalawa, yanaizuia isipinduke lakini yanaburuta maji. Pimeni vyombo kutoka ncha ya omo (mbele) hadi ncha ya tezi (nyuma) kwa futi ya chuma, moja tu, inayokaa kwa katibu. Kamba ya nailoni hurefuka kwa kadiri ya nguvu za anayeivuta. Vyombo vya chini ya mita 5 vishindane peke yao. Idadi ya wapigaji iwe moja kwa kila kundi, na majina yafungwe siku moja kabla.

Boya mnaweza kutengeneza wenyewe: dumu la lita 20 lililopakwa rangi ya machungwa, kamba, na gunia la mchanga. Kamba ipimwe maji yakiwa yamejaa, kisha iongezwe theluthi. Ikiwa fupi, bamvua litalizamisha dumu au kulinyanyua gunia. Ikiwa ndefu mno, boya huhama kwa mkondo na wa mwisho anazunguka pahali tofauti na wa kwanza. Mkono wa kwanza usipungue mita 500. Mitumbwi ikifika kwenye boya ingali imebanana, inagongana, na inayogongwa ubavuni hujaa maji. Vyombo vinane kwa mkupuo vinatosha. Vikizidi, fanyeni mikupuo miwili na fainali.

Msianzishe kwa kamba kati ya mashua mbili zilizotia nanga, maana mkondo ukigeuka mstari unakwenda upande. Simamisheni mtu kwenye maji ya kiunoni nyuma ya kila mtumbwi, ashike tezi, aachie filimbi ikilia. Nafasi kati ya vyombo iwe mita 5, na pahali pa kila chombo papatikane kwa kura, kwa sababu aliye karibu na mkondo hana safari sawa na aliye karibu na ufukwe. Kumaliza ni omo kukata mstari. Waamuzi wawili wakae upande mmoja, karani wa tatu aandike bila kuzungumza na mtu.

Kuhusu uokozi hakuna kubembelezana. Kila mtumbwi uwe na upo wa kufulia maji na jaketi kwa kila mtu, pamoja na yule atakayesema amezaliwa baharini. Boti moja ya mashine kwa vyombo vitano, tangi limejazwa na kuonekana kwa macho, ndani yake watu wawili wanaojua kuogelea. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni boti hiyo kujazwa viongozi na wapiga picha. Mtu akizama hakuna pa kumweka. Nahodha wake asipite kasi karibu na mitumbwi, kwani wimbi la mashine peke yake linatosha kuijaza.

Sasa zawadi. Itangazwe ikiwa tayari iko mkononi kwa mshika fedha, si ikiwa ahadi ya mfadhili. Semeni pia mapema fungu la mwenye chombo ni kiasi gani na la wapigaji ni kiasi gani, kama wavuvi wanavyogawana baharini. Bila hivyo timu iliyoshinda ndiyo itakayogombana. Malalamiko yapokelewe kwa nusu saa baada ya chombo cha mwisho kufika, yaamuliwe na watu watatu wa madiko yasiyohusika, na bahasha zisitoke kabla ya hapo. Zawadi iliyokwisha kutolewa haikusanyiki tena. Kama mwanao anapiga kafi, wewe mwenyekiti hukai na waamuzi, hata kama kila mtu anakuamini.

Hesabu zibandikwe dikoni ndani ya siku saba, na risiti zake. Lakini fungu moja msiligawe siku ile. Kesho yake, kiasi cha saa 5 asubuhi maji yakiwa yamekupwa, rudini na wale akina mama kwenye mashamba, toeni magunia na vijiti vyenu, hesabuni kamba zilizokatika, mlipe pale pale.