Mlango unakwaruza simiti, ninunue mwingine?

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mpangaji hapa Migosi, Kisumu. Mlango wa chumba cha watoto tangu mvua ya mwezi wa nne ianze umekuwa shida, juu unakwama kwa fremu upande wa kitasa na chini unakwaruza simiti hadi imebaki alama ya nusu duara, watoto wanausukuma na bega. Fundi alikuja akataka kuupiga randa papo hapo, nilipokataa akasema basi tununue mpya. Ni wa flashi, ule wa plaiwudi pande mbili. Nifanye aje? – Mama Watoto

JIBU: Pole sana mama. Ulifanya vizuri kukataa randa, manake vile umeeleza, kukwama juu kwa kitasa na kuburura chini upande huohuo, mara nyingi ni bawaba ya juu imelegea mlango ukainama. Fungua nusu, shika kitasa uinue, ukiona bawaba ya juu inacheza kwa fremu basi umepata mgonjwa. Weka kabari chini ibebe uzito, toa skrubu za hiyo bawaba pekee, mashimo yaliyopanuka ujaze vijiti vya kiberiti na gundi ya mbao, vikauke usiku kucha, kata vilivyotokeza urudishe skrubu ndefu kidogo. Bisibisi tu inatosha.

Ikiwa bado unagusa, paka chaki kwa fremu ufunge mara kadhaa, pale chaki imehamia ndipo randa ipite, na ipite kidogo sana. Flashi ina mbao nyembamba pembeni tu, katikati ni wazi, ukila sana hiyo mbao umeua mlango. Halafu hapa kwetu na ziwa hili mbao inakunywa unyevu Machi hadi Mei, ukiukata sasa ukae sawasawa, Januari utaona pengo. Kama unafungika hata kwa shida, ngoja jua. Pengo la milimita 3 pembeni ni sawa.

Kitu kinaniuma kwa nyumba nyingi ni ukingo wa juu na wa chini kuachwa bila rangi kwa sababu hakuna anayeuona, na maji ya kupiga deki yanaingilia hapo. Pitisha kioo kidogo chini ya mlango uangalie. Ukikuta mbao tupu, siku ya jua utoe mlango upake vanishi ama rangi ya mafuta.

Kununua ni kama plaiwudi imefura na kuachana, hiyo hairudi. Hapo ongea na mwenye nyumba kwanza. Saizi ya futi 6 na inchi 8 kwa futi 2 na inchi 8 iko kwa wingi, lakini ukienda soko la Kibuye beba vipimo vya fremu si vya mlango wa zamani, upana upime juu, katikati na chini, na pia kona kwa kona, kwa sababu kwenye udongo mweusi kama wa Nyamasaria nyumba husogea na fremu ikapinda. Na usikubali mlango mpya uwekwe kabla haujapakwa pande zote 6.