Maswali yenu kuhusu Chelyabinsk, mji wa matrekta na vifaru

Wiki iliyopita niliutaja mji wa Chelyabinsk, kule kwenye milima ya Ural, Urusi, maswali yakaja mengi. Haya manne nayajibu leo.

Ulikuwa mji wa viwanda tangu mwanzo?

Hapana, 1736 ilikuwa ngome ya wanajeshi tu, ikabaki kamji kadogo miaka na miaka. Reli ndo ilileta mambo. Ilifika 1892 na njia ya kwenda Siberia ikaendelezwa kuanzia hapo hapo, halafu 1896 serikali ikaweka utaratibu mbaya sana: kwa kawaida mzigo ukisafiri mbali gharama ya kila kilometa inashuka, lakini ngano ya Siberia ikifika Chelyabinsk inahesabiwa upya, yaani kama umeshushwa kwenye basi ukaambiwa ukate tiketi nyingine, eti kuwalinda wenye mashamba makubwa wa magharibi mwa Urusi. Mkulima wa Siberia kaumia, mji ukanufaika, wafanyabiashara wa nafaka wakajaa na mashine za unga zikajengwa. Utaratibu huo ulifutwa 1913.

Mbona wanauita Tankograd, yaani mji wa vifaru?

Kwa sababu ya vita. Kiwanda cha matrekta kilifunguliwa 1933, sasa 1941 Wajerumani walipovamia, mitambo ya kiwanda cha Kirov cha Leningrad na ya injini za dizeli ya Kharkov ikapakiwa kwenye mabehewa ikaletwa huku, ikaunganishwa na cha matrekta. Vikatoka vifaru na mizinga ya kujiendesha kama 18,000. Wanaume wengi wako vitani, kwa hiyo kwenye mashine walisimama kina mama na watoto, wengine wafupi mpaka wanawekewa sanduku la mbao wapande ndo mkono ufike. Majenerali tunawajua kwa majina, hawa watoto hakuna anayewataja, na mimi hilo linaniuma.

Wafanyakazi wote walikuja kwa hiari?

Wapi! Kiwanda cha chuma cha hapo mjini kilichoanza kazi 1943 kimejengwa kwa sehemu kubwa na Wajerumani wa Urusi, raia wa Kisovieti kabisa, waliokusanywa kwa nguvu. Baridi na njaa viliua maelfu.

Kimondo kilicholipuka angani karibu na mji 2013 kiliharibu viwanda?

Kiwanda cha zinki kilibomoka ukuta na paa la ghala. Ila walioumia, kama 1,500, wengi ni vioo: waliona mwanga mkali wakakimbilia dirishani kuangalia, kishindo kikafika baadaye, vioo vikawarukia usoni.