Kisasili ukutani: ushauri kwa msanii anayeandaa onyesho Iringa au Mbeya

Kazi nyingi za sanaa zinazogusa visasili na utambulisho huharibika kabla brashi haijaguswa. Msanii anaanza na "utamaduni wa Kiafrika" kwa ujumla wake, anachora mwezi, ngoma na mama mwenye shanga, kisha anatafuta hadithi ya kubandika juu yake. Mtazamaji wa Kalenga au Tukuyu akisimama mbele ya picha hiyo haoni kwao.

Anza na mahali pamoja na simulizi moja. Wangechi Mutu alipofanya onyesho London mwaka 2014 aliliita Nguva na Nyoka, Kiswahili kitupu, na nguva ni kiumbe ambacho watu wa pwani yetu wana habari zake. George Lilanga, mzaliwa wa upande wa Masasi, aliwachukua mashetani wa Wamakonde na kuwapa masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, mpaka ukimwona mmoja unajua ni wake. Nyanda za juu kusini zina hazina ya namna hiyo. Lipo jiwe la Gangilonga Iringa mjini, ambalo kwa Kihehe jina lake ni jiwe linalosema. Kipo kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani zipatazo 16. Lipo Ziwa Masoko kule Rungwe, ambalo watu husimulia kwamba Wajerumani walitupa mali na silaha humo walipokuwa wanakimbia Waingereza. Hiyo ya Masoko tunaipenda kwa sababu inaonyesha kwamba kisasili si lazima kiwe cha kale. Hiki kimezaliwa na vita ya kwanza ya dunia na bado kinakua.

Ukishachagua, tafuta matoleo matatu ya simulizi hiyo kutoka kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, eleza unachotaka, ndipo uende kwa mzee. Uhehe na Ubena, "kamwene" inayotoka kwa heshima inafungua mlango kuliko barua yenye mhuri. Nenda na kilo ya sukari na majani ya chai, na kama utalipa, mkubaliane kiasi kabla ya kuwasha simu ya kurekodi. Mazungumzo yape saa moja, usizidi. Mzee akichoka huanza kufupisha, nawe hutajua alichoruka.

Maswali matatu ndiyo yanayobeba uzito: nani alikusimulia, husimuliwa wakati gani, na kipi hakisemwi mbele ya kila mtu? Jibu la swali la tatu usilichore. Liache kama nafasi tupu kwenye picha: kona isiyopakwa rangi, mlango uliofungwa, kitambaa kilichokunjwa. Nafasi hiyo mara nyingi inakuwa sehemu yenye nguvu kuliko zote, na yule mzee akiiona atajua umemheshimu.

Hapa kuna mfano mgumu unaostahili muda. Mnyakyusa wa leo akisema Kyala anamaanisha Mwenyezi Mungu. Lakini katika masimulizi ya zamani Kyala alikuwa shujaa mwenye makao yake, na pango la Pali-Kyala karibu na Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, linabeba jina hilo mpaka leo: alipo Kyala. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika Unyakyusa mwaka 1891, na katika kazi yao ya kuhubiri na kutafsiri, jina hilo likawa jina la Mungu wa kanisani. Ndani ya neno moja umepata kisasili, dini na utambulisho. Lakini ukimpa Kyala uso na misuli ya mwanadamu, mama wa kwaya atakayeingia ukumbini ataona umemchora Mungu wake, naye ana haki ya kuumia. Chora pango. Chora mwanga unaotoka ndani, nyayo kwenye mchanga, vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa hilo, vilivyopangwa mlangoni. Kisha uandike kwenye kibandiko kwamba jina hili limepita mikono miwili. Mtazamaji atabishana na historia, na ubishi huo ndio onyesho.

Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ni jambo jingine la kushika kwa mikono miwili. Lilirudishwa mwaka 1954 na liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Ni mabaki ya mtu aliyekufa mwaka 1898, ana wajukuu na vitukuu. Usiligeuze pambo la bango wala fulana ya onyesho. Kama kazi yako inamhusu, jina lenyewe linatosha kuanzia: Mkwavinyika, mtwaaji wa nchi.

Upande wa vifaa, udongo wa mahali penyewe unaongea zaidi ya rangi ya dukani. Chimba kupita kina cha sentimita 30 ili ukwepe mizizi na mboji. Kausha, twanga, chekecha kwa kitambaa chepesi. Weka kopo moja la unga wa udongo kwenye makopo matatu ya maji, koroga, hesabu sekunde 30 mchanga ushuke, kisha mimina maji yenye rangi kwenye ndoo nyingine. Yaache yatulie usiku kucha. Kwa baridi ya Juni na Julai yape siku mbili. Mwaga maji ya juu, anika tope, saga tena. Changanya vijiko viwili vya unga huo na kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji. Paka kwenye kipande cha majaribio, subiri siku nzima, sugua kwa kidole. Kidole kikitoka chekundu, gundi ni kidogo. Rangi iking'aa kama plastiki na kupasuka, gundi imezidi.

Kitambaa cha marekani kinafaa kabisa, ila kifue kwanza kwa maji ya moto kitangulie kunywea. Paka gundi iliyozimuliwa, sehemu moja kwa maji mawili, kisha rangi nyeupe ya maji mara mbili. Penye kasoro kubwa ni fremu. Mbao za paini zinazotoka Mafinga ni rahisi kupata, lakini nyingi huuzwa zikiwa mbichi. Ukizipigilia zikiwa hivyo, baada ya mwezi picha inajipinda kona moja inaacha ukuta. Zipange kivulini, ukiweka vijiti kati ya mbao na mbao hewa ipite, wiki sita hadi nane. Ukibisha hodi kwenye ubao uliokauka unalia, ule mbichi unatoa sauti ya kuziba.

Kutundika kuna hesabu moja tu ya kukariri. Katikati ya kila picha ikae sentimita 150 kutoka sakafuni. Kama wengi watakaokuja ni wanafunzi wa msingi, shusha hadi 135. Chukua 150, jumlisha nusu ya urefu wa picha, toa umbali kati ya ukingo wa juu na waya uliovutwa. Picha ya sentimita 80 ambayo waya wake uko 6 chini ya ukingo: 150 na 40 ni 190, toa 6, skrubu inakaa 184. Usifuate mstari wa dari, majengo ya zamani dari zake zimelala. Kwenye jengo la kihistoria usitoboe ukuta hata kwa ruhusa ya mdomo; omba kutumia reli au simamisha paneli. Tukuyu na maeneo yanayopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, gundisha vipande vya kizibo nyuma, kwenye kona za chini, hewa ipite sentimita moja au mbili, la sivyo ukungu unaanzia nyuma ya kitambaa na utauona umechelewa.

Panga taa iangukie picha kwa mwinuko, si usoni moja kwa moja, na weka picha iliyo muhimu zaidi karibu na dirisha, maana umeme ukikatika siku ya ufunguzi hutakuwa na muda wa kuhamisha.

Vibandiko: maneno 60 hadi 80, lugha ya simulizi juu, Kiswahili chini yake, herufi za ukubwa wa 18 au zaidi, karatasi isiyong'aa. Lugha ya mama ikiwa chini kwa herufi za mlalo inaonekana mgeni kwao. Taja kijiji na, kwa idhini yake tu, aliyesimulia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo kabla ya kuuza nakala au kadi zenye simulizi hizo, ulizia BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na umwone afisa utamaduni wa halmashauri.

Wiki moja kabla ya ufunguzi, peleka picha, au angalau nakala iliyochapwa kwa ukubwa wa meza, kwa wale watatu waliosimulia. Kwenye basi isimamishe wima ndani, imefungwa blanketi, kamwe isiende juu ya kerea. Mzee akisema kitu kiondoke, kiondoe. Hata kama kimeshakauka, siku tano zinatosha kupaka upya.