Wasomaji Wauliza: Stesheni ya Iyunga na Relwe ya Bibi

SWALI: Ndugu Mhariri, bibi yangu alizaliwa Chunya na sasa anaishi nasi hapa Iyunga. Husimulia kwamba alipokuwa msichana, katika miaka ya 1950, alipanda relwe kutoka Mbeya mpaka Itigi. Mimi nilifundishwa shuleni kwamba reli ilifika Mbeya katika miaka ya 1970, na kila nikimweleza hivyo hukasirika na kuniambia kuwa vitabu vyangu havikuwapo siku aliyosafiri. Je, ni nani mwenye kweli? Pia, kwa nini stesheni ilijengwa huku Iyunga badala ya mjini?
Msomaji, Iyunga, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, kweli mnayo wote wawili, ila radhi aombwe bibi. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, halikuendesha treni na meli tu. Mahali ambapo reli haikufika, shirika hilo lilipeleka mabasi na malori yake lenyewe, na Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizohudumiwa kwa njia hiyo. Gari moja lilitoka Dodoma likapitia Iringa, na jingine lilitoka Itigi likapitia Chunya, yote mawili yakiishia Mbeya. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilipita mbali sana kaskazini mwetu, kwa hiyo abiria wa Mbeya alisafiri kwa gari la shirika mpaka Itigi na huko ndiko alikokutana na treni yenyewe. Kwa kuwa gari lilikuwa mali ya relwe, watu waliliita relwe, na bibi yako hana sababu ya kulipatia jina jingine leo.

Wala si ajabu kwamba safari yake ilipitia Chunya. Mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927, wakati wa heka heka za dhahabu ya Lupa, huko huko Chunya, na kwa miaka mingi barabara ile inayopanda nyuma ya mlima ilikuwa mlango mkubwa wa mji. Kijana wa leo, aliyezoea kuona magari yote yakielekea ama Tunduma ama Dar es Salaam, huenda akadhani kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Reli uliyosoma habari zake shuleni ni TAZARA, na ili kuelewa kwa nini stesheni ipo Iyunga ni lazima kwanza tukubali jambo moja ambalo halitupendezi sana sisi watu wa Mbeya: reli ile haikujengwa kwa ajili yetu. Ilijengwa kwa ajili ya shaba. Mwezi Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Zambia, ambayo shaba yake ilisafirishwa kupitia huko, ikajikuta imekabwa koo. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema, mwaka 1964, kwamba reli ya kuelekea Dar es Salaam isingelipa. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda hawakuliacha jambo hilo, na tarehe 5 Septemba 1967 mkataba ulitiwa saini Beijing, China ikitoa mkopo usiokuwa na riba. Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Agosti 1973 reli ilivuka mpaka pale Tunduma, kwa maana kwamba sehemu yetu ilikuwa imekwisha kulazwa. Na Julai 1976 njia nzima yenye urefu wa kilomita 1,860 ilikabidhiwa kwa nchi mbili. Mbeya ilipata stesheni kwa sababu ilikuwa njiani.

Sasa tazama ardhi. Mji wa zamani umeegemea miteremko ya mlima Loleza, na treni ndefu ya mizigo haipandi mlima kama basi linavyopanda. Reli inayotoka Makambako hupanda mpaka Uyole, ambako hufikia mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, mahali pa juu kuliko pote katika njia nzima mpaka Kapiri Mposhi, inakoishia huko Zambia, kisha huanza kushuka kuelekea magharibi. Kuipandisha tena mjini na kuishusha upya kungekuwa gharama isiyokuwa na faida kwa mwenye shaba. Zaidi ya hayo, stesheni kubwa huhitaji uwanja mrefu ulio tambarare, wa njia za kupishania treni, karakana na maghala, na uwanja wa namna hiyo haupatikani kwa urahisi katikati ya mji wa vilima. Iyunga ilikuwa na nafasi, tena iko kandokando ya barabara ya Zambia. Hata Dar es Salaam stesheni ya TAZARA haikuwekwa katikati ya mji karibu na ile ya Reli ya Kati. Isitoshe, reli hizo mbili hazilingani: ya kati ina upana wa milimita 1,000, na ya TAZARA milimita 1,067, tofauti isiyozidi upana wa vidole vinne, lakini inatosha kuizuia treni ya huku isiingie kule.

SWALI: Dar es Salaam kuna treni ya kuwapeleka watu kazini. Kwa nini nasi tusiwe nayo, ilhali reli inapita Uyole na Iyunga?
Msomaji, Uyole

JIBU: Treni hiyo ya mjini ilianza Oktoba 2012, na wakazi wa Dar es Salaam waliipa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, ambaye kwao ni Kyela. Kwa hiyo jina lake lilianza kusafiri kwa treni ya abiria wa mjini kabla ya jirani zake wa Mbeya. Treni moja ilitumia Reli ya Kati kati ya Stesheni na Ubungo, na nyingine ilitumia njia ya TAZARA mpaka Mwakanga.

Kwetu kikwazo, kwa maoni yangu, si umbali. Njia ni moja tu, kwa hiyo treni mbili zinazotoka pande mbili hupishana stesheni peke yake, na treni ya mjini ingelazimika kuisubiri ya mizigo. Jambo la pili ni kwamba wakazi wengi wako Soweto, Mwanjelwa na Mafiati, kandokando ya barabara kuu, na si wote wangekuwa tayari kuteremka mpaka relini na kupanda tena. Mwezi Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Mwenye kutaka treni ya Uyole na Iyunga angefanya vyema kupeleka hoja yake kwa diwani na mbunge wake sasa, kabla ratiba za treni za mizigo hazijaijaza njia.