Maswali Yenu: Tumegoma mia tatu, barua za kusimamishwa tumepewa watano

Wiki hii barua zenu karibu zote ni za kitu kimoja, ada kupanda na wanafunzi kuitwa nidhamu baada ya kugoma, kwa hiyo maswali mengine nimeyaweka pembeni tuongee hili tu. Majina na vyuo nimetoa. Na mkiniandikia tena msiweke namba zenu za usajili jamani, barua ikipotelea kwa mtu mwingine hiyo namba inakutaja wewe moja kwa moja.

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili. Tulijiunga tukaambiwa ada ni hii, mwaka uliofuata tunarudi tunakuta nyingine, hakuna aliyetuuliza. Tukaenda kukaa nje ya jengo la utawala siku mbili kwa amani kabisa, hata kioo hakikuvunjika. Tulikuwa kama mia tatu hivi ila barua za kusimamishwa masomo tumepewa watano tu na wiki ijayo tunaitwa kamati ya nidhamu. Barua inasema tumehatarisha utulivu na kuharibu jina la taasisi. Mbona sisi tu? Kuna mtu wa utawala kaniambia nikaombe msamaha tu yaishe. Nyumbani bado sijasema.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nyumbani sema leo, usisubiri waisikie kwa mtu mwingine.

Unauliza mbona nyie tu. Kwa sababu mia tatu hawasimamishiki, madarasa yatabaki matupu na kila mtu atauliza kulikoni, lakini watano wanawezekana, na watano wakishaguswa mazungumzo yanahama, juzi mlikuwa mnauliza hela ya ada inaenda wapi, leo mnauliza fulani atarudi lini, na wale mia tatu wengine kila mmoja anaanza kuwaza la kwake. Huu mchezo ni wa siku nyingi na umechezwa hata kwenye nchi zinazojisifia uhuru. Desemba 2013 Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza kilisimamisha wanafunzi watano, watano kama nyie, baada ya wanafunzi kukalia jengo wakipinga huduma za chuo kupewa makampuni binafsi, na mwezi huohuo Chuo Kikuu cha London kikaenda mahakamani kikapata amri ya kuzuia wanafunzi kukalia majengo yake kwa miezi kadhaa. Ila wa Sussex wenzao hawakuwaacha, waliandamana kuwatetea na kusimamishwa kukaondolewa mwezi uleule, japo mambo ya nidhamu yaliendelea. Kwa hiyo waambie wale mia tatu kwamba dai la ada na dai la kuwarudisha nyie watano sasa hivi ni dai moja, liandikwe kwenye karatasi moja, na asiende mtu kujadili ada huku nyie mmeachwa nje ya geti.

Sasa kamati. Chukua hiyo barua uisome na kalamu mkononi. Kuharibu jina la taasisi sio kitendo, ni maoni ya mtu. Andika barua uulize mambo matano: nimevunja kanuni ipi, kifungu gani, kwa kitendo gani, siku gani, na ushahidi ni upi ili niuone kabla ya kikao. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo wewe, usikubali kuambiwa iache tu hapo mezani. Kanuni za wanafunzi tafuta uzisome mwenyewe, mara nyingi zinataja siku ngapi unatakiwa upewe taarifa, kama unaruhusiwa kwenda na mtu, na rufaa inakatwa kwa nani ndani ya siku ngapi. Ukichelewesha rufaa hata siku moja wanaifunga. Kama aliyekulalamikia ndio huyohuyo amekaa kwenye kamati, pinga hapohapo na uombe iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, maana mtu hawezi kuwa mshtaki na hakimu kwa wakati mmoja, hiyo ni haki ya msingi hata kama kanuni za chuo hazikuiandika. Na ukiingia jibu la kitendo tu, usianze kueleza hisia zako kuhusu uongozi, hasira ukiitoa mle ndani wanaiandika.

Kuhusu msamaha, subiri kwanza. Msamaha wa maandishi kwa kitu ambacho hukufanya ni kukiri, na kesho ndio ushahidi wenyewe. Mimi niliwahi kuitwa. Chumba kidogo, watu saba upande mmoja wa meza na kiti kimoja upande wa pili, wakanisogezea picha ya umati, kichwa kimoja kimezungushiwa kalamu nyekundu. Nikaangalia vizuri, hakikuwa changu, yule dada alikuwa amesuka na mimi kipindi kile nilinyoa kabisa. Nikawaambia. Hawakubisha hata, wakaitoa ile picha wakaniletea karatasi nyeupe yenye mistari mitatu iliyopigwa kwa rula, mmoja wao akasema kwa upole kabisa, andika majina matatu urudi darasani. Mpaka leo nakumbuka ile mistari ilivyonyooka. Niliiacha wazi, nikakaa nyumbani muhula mzima, nikarudi nikamaliza. Nakwambia hivi ili ukisogezewa karatasi ya aina hiyo usishtuke, na usisaini kitu chochote siku hiyohiyo, sema unaomba kuondoka nacho ukakisome.

SWALI: Dada kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp anatuma skrinshoti kwa utawala. Tunamhisi mmoja, tumtoe?

JIBU: Msimtoe kwa kuhisi. Mkianza kutafuta msaliti mtamaliza wiki mbili mnaangaliana vibaya na ada inabaki palepale, halafu mara nyingi anayehisiwa ni yule mkimya tu asiyependa kuandika. Chukulieni kwamba kila kinachoandikwa kwenye grupu la watu mia utawala unakisoma, andikeni humo muda na mahali tu. Nani atafanya nini ongeeni ana kwa ana.

SWALI: Mimi ni mama wa kijana wa mwaka wa tatu, ndio anaongoza huo mgomo wao. Nafanya kazi mbili kumlipia. Nimemwambia aache, akifukuzwa mimi ndio nitakuwa nimepoteza kila kitu, ananijibu anafanya kwa ajili yangu. Nimekasirika mpaka nimeacha kupokea simu zake. Nakosea?

JIBU: Shikamoo mama. Kuogopa hukosei, wewe ndio unajua hiyo ada inatoka wapi na inakutoa jasho kiasi gani, na mtu anayekwambia usiogope hajawahi kulipa. Ila simu pokea mama yangu, nakuomba, hata kama ni ya kugombana. Mtoto aliyekamatwa usiku anapiga namba moja tu aliyoikariri, na mara nyingi ni ya mama yake.

Nikusimulie kitu. Mwaka 2012 kule Quebec, Canada, serikali ilitaka kupandisha ada kutoka dola 2,168 kwa mwaka mpaka dola 3,793 ndani ya miaka 5, wanafunzi wakagoma miezi mingi. Tarehe 18 Mei ikapitishwa sheria ya haraka ya kuwabana, watu 50 au zaidi wakitaka kuandamana lazima wapeleke taarifa polisi masaa 8 kabla, na faini zake zilikuwa nzito sana. Ile sheria ndio iliwatoa wazazi ndani. Kila jioni saa mbili watu wazima, kina mama, wazee, walitoka kwenye vibaraza na barabarani wakigonga masufuria kwa vijiko, mtaa huu ukianza mtaa wa pili unaitikia, watu ambao ada wala haikuwahusu tena. Septemba mwaka uleule serikali ikaanguka kwenye uchaguzi na iliyoingia ikafuta lile ongezeko.

Sikwambii ukagonge sufuria. Nasema ile hofu yako ina kazi ya kufanya. Muulize ana namba ya wakili au mtu wa kituo cha msaada wa kisheria, ikiwezekana aandike mkononi kwa kalamu maana simu wanachukua. Muulize anatembea na kitambulisho, na kama anatumia dawa anazo mfukoni. Muulize nani atashika nafasi yake akichoka, kiongozi ambaye hana wa kumpokea ndio huwa anapatwa kirahisi. Na nyie wazazi mnaolipa, andikeni barua yenu wenyewe kwa chuo, muulize kwa nini ada ya mtu aliyeshaanza masomo inabadilishwa njiani. Mzazi hana kamati ya nidhamu ya kumwita.

SWALI: Hivi dada tuwe wakweli, hizi kelele zinasaidia? Uingereza waliandamana 2010 dunia nzima inaangalia na ada ikapanda vilevile.

JIBU: Ilipanda kweli, sina la kukuficha. Tarehe 9 Desemba 2010 bunge lao lilipiga kura 323 kwa 302 na kikomo cha ada England kikaruka kutoka pauni 3,290 mpaka 9,000, huku nje polisi wamewazingira vijana kwenye baridi kwa masaa. Ila angalia hizo kura, tofauti ni 21. Na chama cha Liberal Democrats ambacho wagombea wake walisaini ahadi ya kupinga ongezeko la ada, halafu karibu nusu ya wabunge wake wakalipigia kura ya ndio, kilishuka kutoka wabunge 57 mpaka 8 uchaguzi wa 2015. Ada haikurudi chini. Nani alisema uongo watu waliandika.

Kwingine ilienda tofauti. Ujerumani baadhi ya majimbo yalianza kutoza mpaka euro 500 kwa muhula, watu wakakataa mwaka hadi mwaka, Bavaria mpaka zikakusanywa saini za wananchi, na jimbo la mwisho likaacha mwaka 2014. Chile walianza mwaka 2011 wakiwa wanafunzi barabarani, kufika 2016 elimu ya juu bila ada ikaanza kwa wanaotoka familia zenye kipato cha chini, hiyo ni miaka mitano, wengi walioandamana walikuwa wameshamaliza chuo hawakufaidi wao. Afrika Kusini mgomo ulianzia Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, Oktoba 2015 baada ya ongezeko la asilimia 10.5, ukasambaa vyuo karibu vyote na tarehe 23 Rais Zuma akatangaza ongezeko la 2016 ni sifuri. Mwaka uliofuata ongezeko likarudi mpaka asilimia 8, mgomo wa pili ukawa mchungu zaidi, walinzi wa kukodi wamejaa vyuoni na vijana wengi wakakamatwa. Desemba 2017 ndio ikatangazwa elimu ya juu bila ada kwa familia zenye kipato cha mpaka rand 350,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo ukiniuliza inasaidia, nakujibu inasaidia kwa wanaojua wanadai nini hasa na wako tayari kurudi mara ya pili. Ada punguzeni ni wimbo tu. Nendeni na hesabu, ombeni bajeti ya chuo, ruzuku ya serikali ilikuwa kiasi gani miaka mitano iliyopita na sasa ni kiasi gani, maana mara nyingi pengo la ruzuku ndio linazibwa na mifuko yenu na mnakuwa mnamgombeza mkuu wa chuo kwa kitu kilichoamuliwa wizarani. Wote wawili wana majibu ya kutoa ila sio yaleyale.

SWALI: Mimi ni mhadhiri. Nimeagizwa kwa simu nipeleke karatasi ya mahudhurio ya siku za mgomo na majina ya waliokosa. Nina mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu wangu, omba hilo agizo kwa maandishi, kwa lugha ya heshima tu, sema unataka kufuata utaratibu. Maagizo mengi ya simu yakiombwa maandishi yanakufa yenyewe. Likija, lipeleke kwa chama cha wahadhiri kabla hujajibu, usijibu peke yako na mkataba wa hivyo. Mahudhurio yanachukuliwa kwa ajili ya masomo, na wewe una haki ya kuuliza yanaenda kutumika wapi. Na kile kipindi walichokosa, kama ratiba inaruhusu, kirudie hata jioni, wale waliosimamishwa wapelekewe notsi na wenzao.