Umechaguliwa sosholojia? Kaa hapa kwenye kimbweta kidogo

Mdogo wangu, hongera. Sasa jiandae kuulizwa, "Hiyo ukimaliza unakuwa nani?" Mimi baba mdogo aliniuliza mbele ya wageni, sahani ya pilau mkononi, na kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: "Anasomea kuongea na watu." Sebule nzima ikacheka. Usigombane nao. Cha kuogopa ni kwamba sisi wenyewe tunaingia darasani na imani hiyo hiyo. Jamii tumezaliwa ndani yake, itatushinda nini? Jaribio langu la kwanza lilirudi na alama 9 kati ya 20.

Nilipokosea nilikuja kupajua kwenye semina. Tulipewa makala ya mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown ya mwaka 1940, inayoeleza uhusiano ambao mtu anaruhusiwa kumkejeli mwenzake, hata kumnyang'anya kitu chake, na mwenzake haruhusiwi kukasirika. Nikapaka mistari rangi ya njano, nikakariri fasili kwa Kiingereza neno kwa neno. Semina imefika katikati ndipo akili ikafunguka: kumbe mzee anazungumzia utani! Na moja ya mambo yaliyomsukuma kuandika ni taarifa fupi iliyokuwa imechapishwa kuhusu watani wa Afrika Mashariki, yaani sisi. Bibi yangu ni Mnyamwezi. Nimeona kwa macho yangu watani Wazaramo wakijilaza mlangoni msibani, wakizuia jeneza lisitoke mpaka walipwe. Mifano nilikuwa nayo tele, nikakaa kimya semina nzima kwa sababu sikuitambua ikiwa imevaa Kiingereza.

Lakini usikimbilie kusema "kumbe naijua". Nilichokuwa nacho ni mifano, hoja sikuwa nayo. Mimi nilijua kwamba baba humkwepa mama mkwe wake, akimwona kwa mbali hubadili njia, na kwamba kwa shemeji zake hamalizi dakika bila kutania. Sikuwahi kujiuliza kama mambo hayo mawili yana uhusiano. Makala ile inasema ni majibu mawili ya tatizo moja: ndoa inawaunganisha watu wa koo mbili, na papo hapo inawaacha wakiwa watu wa koo mbili. Ugomvi ungeweza kuzuka wakati wowote. Njia moja ya kuuzuia ni heshima ya kukaa mbalimbali. Nyingine ni kuugeuza mchezo. Ukiielewa hivyo, hata mtani aliyelala mlangoni unamtazama kwa jicho lingine. Unaweza pia kuikataa hoja hiyo, na mhadhiri mzuri atafurahi ukiikataa kwa sababu.

Kwa hiyo kila dhana unayofundishwa, iandikie Kiswahili chake pembeni ya daftari, na chini yake mfano mmoja kutoka mtaani kwenu. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, hilo halina mjadala. Ila kufikiri, fikiri kwa lugha uliyoletwa nayo duniani. Tahadhari moja tu: maneno hayalingani kila mara. Familia, ukoo na kaya ni vitu vitatu tofauti, na ukivichanganya kwenye utafiti umeharibu kila kitu.

Hapo ndipo nilipochelewa kuzielewa mbinu za utafiti. Wengi wetu tulikuja sosholojia tukiikimbia hisabati. Pole, inakusubiri mbele, imebadili nguo tu, inaitwa takwimu. Mimi ilinipa sapu, yaani mtihani wa kurudia, nikabaki chuoni likizo nikila chipsi kavu. Kilichonisaidia baadaye ni kuifikiria Sensa ya 2022. Chukua nyumba ya kupanga ya Mbagala yenye vyumba sita, choo kimoja. Mle ndani mna kaya ngapi? Ndugu wawili wanaolala chumba kimoja, mmoja anapika, mwingine anakula kwa mama ntilie, ni kaya moja au mbili? Karani hawezi kusimama mlangoni akiwaza. Fasili lazima iwe imekwishaamuliwa: wanaoishi pamoja na kula pamoja. Wanaohesabiwa nao lazima waamuliwe, ikawa ni waliolala pale usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Tukitajiwa watu 61,741,120, nyuma ya tarakimu hizo kuna maamuzi mengi ya namna hiyo. Ukianzia hapo, hata SPSS, ile programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, haitishi sana.

Madesa nayo. Utayakuta stationari zote zinazozunguka chuo, yamefupishwa na mtu aliyefupisha ufupisho wa mwenzake. Siwezi kukukataza, nami niliyatumia usiku wa kuamkia mtihani. Ila soma walau kurasa kumi za mwandishi mwenyewe kwa kila mada. Desa litakwambia Marx aligawa watu kwa umiliki wa nyenzo za uzalishaji, na utaandika hivyo, pamoja na wenzako mia mbili walioandika hivyo hivyo. Panda daladala. Dereva anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, abiria wawepo wasiwepo. Na dereva mwenyewe akichoka mchana anampa gari deiwaka, ambaye hana mkataba na yeyote. Hapo Marx anakaa vizuri. Sasa mtazame bodaboda wa mkataba: analeta hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, ukiisha pikipiki inakuwa yake. Mwezi wa pili ni nani huyu? Na mwezi wa mwisho? Akishaimiliki akampa kijana mwingine kwa mkataba, tumwite nani? Mimi mpaka leo sina jibu linaloniridhisha, na insha niliyoandika juu ya swali hilo ndiyo iliyonipa A yangu ya kwanza.

Kuhusu ajira nitasema kwa ufupi. Matangazo ya serikali huitaja sosholojia kwenye nafasi za Afisa Maendeleo ya Jamii, lakini mnakuwa wengi. Kazi za kukusanya data kwa kishikwambi, za kulipwa kwa siku, zianze ungali chuoni. Utajifunza kuuliza swali, na kujuana na watu.

Kuuliza swali si jambo dogo. Mwaka wa tatu nilikwenda Tandale na dodoso nililolitunga kwa Kiingereza kisha nikalitafsiri. Kibali kilikuwa na mihuri ya mkoa, wilaya, kata mpaka mtaa (toa nakala nyingi, kila ofisi inabaki na yake). Nikamuuliza mama ntilie, "Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?" Akaniangalia kama niliyemuuliza umri wa bahari. "Andika laki mbili, mwanangu." Kila nilichouliza alijibu hivyo hivyo, kwa huruma. Nilipofunga daftari na kuagiza wali maharage, ndipo akaanza kusema: hahesabu kwa mwezi, anahesabu kwa siku, na kabla ya kula anatoa elfu tano ya mchezo, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, maana kijumbe anayekusanya hana masihara. Nikalifungua daftari tena, safari hii ukurasa wa nyuma, baada ya kumwomba ruhusa.

Dodoso nililifuta lote nikaanza upya: leo umeuza shilingi ngapi, ya kwanza kutoka ilikwenda wapi, zamu yako ya mchezo lini. Nilirudi pale mara tatu. Mara ya mwisho nilimkuta ameshapokea, amenunua jiko la gesi la plate mbili. Alinipakulia bila kunidai, kisha akanituma nikampelekee kijumbe elfu tano yake ya siku ile, kwa kuwa yeye alikuwa na wateja.